Honda ya Sosthenes Kwenye Mnada wa Mavuno

Pale Ipogolo, chini ya mlima, mahali gari linapoamua kama linapanda Iringa mjini au linanyoosha kwenda Mafinga, kuna kijiwe cha bodaboda, na kwenye kijiwe hicho palikuwa na ugomvi uliodumu miaka tisa. Haukuwa ugomvi wa mwanamke wala wa kiwanja. Ulikuwa wa pikipiki.

Sosthenes alikuwa na Honda nyekundu, kuukuu, aliyouziwa na mradi wa misitu wa Mafinga wakati mradi unafunga virago. Mwenzake Didas alikuwa na mchina. Tuseme kweli, Didas alikuwa na mchina wa tatu, maana wawili wa kwanza walishakwenda kwa wapima chuma chakavu. Sosthenes hakumwacha asahau. Didas akiinama kukaza cheni, Sosthenes anakohoa. Didas akitoa plagi kuifuta, Sosthenes anauliza kwa sauti ya pole, kama mtu aliyeingia msibani, "Amezidiwa?"

"Cheka," Didas alikuwa akimjibu. "Spea ya huyu naipata mpaka gengeni. Ya kwako ikifa utaandika barua Japani, majibu yatawakuta wajukuu."

"Ikifa," Sosthenes alisema. "Umesema mwenyewe. Ikifa."

Alikuwa anachosha, huo ndio ukweli, na wanaompenda watasamehe. Abiria akipanda kwenda Kihesa alishuka amehubiriwa: mchina unamnunua wewe, halafu yeye ndiye anakuajiri, mjapani unamwekea mafuta na oili, basi, mnaagana mpaka mwezi ujao. Moiz, mwenye duka la spea mjini, ambaye babu yake alianza kuuza spea Iringa enzi za baiskeli, akimwona anapita alitoka mpaka kibarazani. "Bwana Sosthenes! Wewe mteja gani? Njoo ununue hata taa basi!" Sosthenes alipiga honi akapita, moyo umejaa. Nyumbani mke wake, Bertha, alishamwambia kuwa angemsifia yeye nusu ya anavyoisifia ile pikipiki, angenenepa.

Lakini Bertha naye alijua lililokuwa limefichwa chini ya maneno hayo. Honda ndiyo iliyowalisha. Ndiyo iliyomsomesha binti yao, Blessing, mpaka kidato cha tatu alipo sasa. Na zaidi ya hapo, mumewe alikuwa mtu ambaye mambo mengi yalimwendea kombo: kilimo cha vitunguu kilimshinda, uongozi wa kijiwe aliugombea akapata kura yake na ya Didas aliyemwonea huruma. Katika maisha yake kulikuwa na jambo moja tu ambalo alilisema na likawa kweli kila asubuhi. Lile la Honda.

Sasa, mambo yaliharibika Jumapili ya mavuno.

Mnada wa mavuno una adabu yake, na aliyekulia usharikani haambiwi. Ibada ikiisha, mazao yaliyoletwa madhabahuni yananadiwa humo humo ndani: mahindi, nyanya, kuku waliofungwa miguu, malenge. Yai moja linaweza kuuzwa bei ya kuku, kuku bei ya mbuzi, watu wanashangilia, maana fedha ni ya Bwana na sifa ni ya mnunuzi. Na kuna kurudisha. Mtu akitoa kitu kikubwa kupita uwezo wake, ndugu yake anakinunua kwa bei ya heshima, halafu anasema, "Namrudishia mwenyewe." Makofi. Mtoaji ametoa, ndugu ametoa, kanisa limepata, na kitu kinalala kwao. Hakuna anayelisema hilo waziwazi, lakini hakuna asiyelijua.

Mwaka huo mzee wa kanisa Eliezeri, ambaye ndiye dalali wa mnada kila mwaka, aliwachokoza bodaboda kabla ibada haijaanza. "Wakulima nimewaona. Wafugaji nimewaona. Hawa wa pikipiki wao wanavuna wapi? Au wanavuna makalio ya watu tu?"

Kanisa zima liliangua kicheko. Didas akanyanyuka, akaenda dukani, akarudi na kreti mbili za soda begani, akapigiwa makofi. Sosthenes alibaki kwenye benchi na noti moja mfukoni iliyokunjwa mara nne. Makofi ya Didas yalimwuma, hilo halifichiki. Yalimwuma hasa kwa kuwa kulikuwa na wageni, kwaya kutoka Mbeya, na wageni nao walipiga.

Ndipo akatoka nje. Bertha alidhani anakwenda kujisaidia. Aliporudi alikuwa anaikokota Honda, anaipitisha katikati ya benchi, gurudumu la mbele linapapasa zulia la kwaya, mpaka mbele ya madhabahu. Akashusha stendi.

"Haya ndiyo mavuno yangu," alisema.

Makofi yaliyopigwa hapo, soda za Didas zilisahaulika. Sosthenes alirudi kukaa, na alipopita karibu na shemeji yake, Aroni, kaka yake Bertha anayeuza nyanya kwa wasafiri pale Ilula, akamgusa bega. Aroni akatikisa kichwa kukubali. Wameelewana: shemeji atanunua, shemeji atarudisha.

"Baba Blessing," Bertha alinong'ona, "umerukwa na akili?"

"Tulia, mama. Nani atainunua? Si wote wanaiita chuma chakavu?"

Na hapo ndipo alipokosea hesabu zake. Kwa miaka tisa watu walikuwa wakimcheka, naye akaamini kwamba wanaomcheka hawamsikilizi. Kumbe walikuwa wanasikiliza. Kila mmoja aliyewahi kupanda nyuma yake alishuka anacheka na maneno yameshaingia.

Mnada ulipofika kwenye Honda, mzee Eliezeri alizunguka pikipiki mara moja, mikono nyuma. "Jamani, huyu mnyama mnamjua. Nianzie wapi?"

Aroni akataja bei ya mbuzi mwenye afya. Sosthenes akatabasamu. Kabla tabasamu halijatua, mwalimu mmoja mstaafu akaongeza. Akaongeza na mwenye mashine ya kusaga. Aroni akapanda, nao wakapanda. Faustina, mama muuza mitumba ambaye hata kuendesha hajui, akataja bei yake, na alipoulizwa ya nini, akajibu, "Si hii ndiyo haifi? Namwachia mwanangu."

Kisha sauti ikatoka upande wa kwaya ya Mbeya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, viatu vya mvua miguuni chini ya joho la kwaya. Jina lake Evarista, afisa ugani, kazi yake kuwafuata wakulima wa parachichi na viazi kwenye milima ya huko kwao. Akataja bei iliyowafanya watu wageuke kumtazama.

"Mgeni wetu anaifahamu pikipiki?" Eliezeri aliuliza, mate yameshamjaa mdomoni kwa raha ya udalali.

"Nataka kwanza mwenyewe anieleze," alisema Evarista. "Ina tatizo gani?"

Hapo Sosthenes angesema neno moja. Angesema inavuta moshi. Angesema injini ilishafunguliwa. Angekuna kichwa tu, ingetosha. Bertha alimshika kiwiko akakifinya mpaka kucha zikaingia. Sosthenes akasimama.

"Dada, tatizo haina," alisema, na sauti ikaanza kupanda yenyewe, ile ile ya kijiweni. "Injini haijawahi kufunguliwa. Nimepanda nayo Kilolo masika, watu wanavuta zao kwa kamba. Waulize hawa. Didas, sema wewe, imewahi kulala njiani?"

Didas alimtazama rafiki yake kwa jicho la mtu anayemwona mwenzake anaingia mtoni na nguo. Lakini yuko kanisani, afanyeje? "Haijawahi," alisema.

Bei ikaruka. Aroni akajaribu mara moja zaidi, jasho linamtoka, halafu akakaa, akafunika uso kwa kofia. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda kwa mgeni! Watu wakapiga makofi, kisha wakatulia wakingoja neno lile. Namrudishia mwenyewe. Kila mtu alingoja. Sosthenes alingoja mdomo wazi.

Evarista hakulisema. Huko kwao labda hawana desturi hiyo, au wanayo na yeye alihitaji pikipiki. Alikuja kuikagua, akapiga magoti sakafuni, akagusa chini ya injini, akanusa kidole. Aliponyanyuka alimwona Bertha amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Akasimama kidogo.

"Kaka," alimwambia Sosthenes, mbele za watu, "kazini nimepewa pikipiki mpya ambayo kila wiki inanilaza kwenye matope. Nimechoka kusukuma. Sadaka yangu imeshaingia, siidai. Lakini kesho nakwenda na hii mpaka Mbeya. Ikizima njiani ikakataa kuwaka, popote pale, naipakia kwenye lori irudi kwako, na sitadai hata senti. Sawa?"

"Sawa," Sosthenes alisema. Na kwa sababu hakuumbwa kunyamaza, akaongeza, "Ila haitazima."

Jumatatu alfajiri alimkabidhi kadi na ufunguo. Alimwonyesha choki, akamwonyesha mahali pa kugeuzia mafuta ya akiba, akalifuta tangi kwa mkono wa shati ingawa halikuwa na vumbi. Aroni alileta tenga dogo la nyanya za Ilula, zawadi kwa kwaya, wakalifunga nyuma ya kiti. Evarista akawasha, akapungia mkono, akaikamata barabara ya Mafinga. Mlio ulisikika muda mrefu, kisha lori likapita likaufunika.

Bertha hakumsemesha kitu. Aliweka uji mezani, akatoka kwenda kisimani. Hasira ya namna hiyo Sosthenes hakuizoea, alizoea ile yenye maneno. Akaenda kijiweni kwa miguu.

Wenzake walimpokea kwa heshima, jambo lililomtisha. Hakuna aliyemtania. Didas akasogea mbele kwenye kiti cha mchina wake, akampa nafasi ya kukaa.

"Sasa sikiliza," Didas alisema. "Kuna mlima wa kutosha kati ya hapa na Mbeya. Kuna Nyororo, kuna baridi ya Makambako. Wewe omba izime."

"Haiwezi kuzima."

"Sosthenes, we mjinga. Omba!"

"Naomba," alisema Sosthenes, na macho yakamjaa maji. "Naomba tangu usiku. Ila najua haizimi."

Asubuhi nzima walikaa hivyo, dunia imepinduka: Didas wa wachina anahesabu vilima akiitafutia Honda ugonjwa, na Sosthenes anaitetea. Sasa yuko Mafinga, plagi inaweza kuungua. Haiungui, niliibadilisha Pasaka. Sasa yuko Makambako, cheni je? Cheni mpya. Didas alikasirika mpaka akawabeba abiria wawili bila kuwasemesha.

Simu iliita jua likiwa utosini. Namba ya mgeni. Kijiwe kizima kikasogea, Sosthenes akaweka spika.

"Kaka Sosthenes? Mimi Evarista. Niko Igawa." Kulikuwa na upepo na milio ya malori. "Pole yako na pole yangu. Imezima."

Didas alirusha kofia juu. Mmoja akampiga Sosthenes mgongoni, mwingine akaanza kucheza. Na Sosthenes mwenyewe, tusimsingizie, alifurahi. Furaha ilimpanda toka tumboni mpaka masikioni. Akilini alimwona Bertha anacheka. Aliiona Honda inashushwa kwenye lori pale pale mbele yao.

"Nimesimama kufunga upya lile tenga," sauti iliendelea. "Kamba ililegea. Nimeikaza vizuri, kuwasha haiwaki. Nimepiga kiki mpaka mguu unauma, taa zinawaka, mafuta yapo, cheche hakuna. Lakini mimi na wewe tulikubaliana. Kuna fuso hapa linakwenda Iringa na dereva amekubali. Wanataka kuipakia sasa hivi. Yaani imenisikitisha. Niliiamini kweli. Na hawa vijana wa hapa wananicheka, wanasema wajapani wa zamani nao ni jina tu."

Sosthenes alikuwa ameshajua tangu aliposikia neno kamba.

Kila bodaboda pale kijiweni ameweka swichi yake ya siri, ya kuwakomesha wezi. Ya Sosthenes ilikuwa chini ya kiti, upande wa kushoto, ndogo kama kidole cha mtoto. Ukiigusa, injini inakosa cheche hata uwe fundi wa ndege. Mtu akipenyeza kamba hapo na kuvuta, lazima ataizima. Asubuhi, kwenye makabidhiano, hakumwonyesha. Alisahau, au mkono ulisahau kwa niaba yake. Mwenyewe hajui mpaka leo.

Didas alimwona usoni. Naye ana swichi kama hiyo, naye alielewa. Akaweka kidole mdomoni. Akatikisa kichwa, polepole, macho yanamsihi. Nyamaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako, mtu wa watu, nyamaza.

Na kunyamaza hakukuwa kazi ngumu. Maneno yaliyosemwa kanisani yalimpa haki. Fuso lipo. Jioni pikipiki ingekuwa uani, Blessing angeendelea na shule, Bertha angesema naye. Kingepotea kitu kimoja tu. Vijana wa Igawa wangesema mjapani ni jina tu, wangewaambia wa Chimala, nao wangewaambia wa Uyole, na yule mama angerudi kwenye matope akiamini kwamba hakuna kitu duniani cha kutegemewa. Na ungekuwa uongo.

"Kaka? Unanisikia? Wanaishika sasa."

"Waambie waishushe," Sosthenes alisema.

"Unasemaje?"

"Waishushe chini! Wasiiguse!" Alipaza sauti hadi mbwa wa gereji akabweka. "Hiyo haijaharibika, dada. Ni mimi. Nyanyua kiti kidogo upande wa kushoto. Pitisha kidole chini. Kuna swichi ndogo, kamba yako imeikalia. Ibonyeze irudi nyuma."

Didas alichuchumaa chini na kushika kichwa kwa mikono miwili.

Simuni kukawa na mkwaruzo, mtu akiuliza swichi gani. Halafu wakaisikia. Iliwaka kwa kiki moja, mlio ule ule mkavu, wa taratibu, usio na haraka na mtu. Vijana wa Igawa walipiga kelele. Evarista alicheka kwa nguvu, akacheka mpaka akakohoa.

"Ndaga fijo, kaka! Asante sana! Mungu akubariki, wewe ni mtu mkweli. Nikifika nitakupigia." Simu ikakatika.

Didas alinyanyuka, akafuta vumbi magotini, akaenda akaokota kofia yake barabarani. Alitaka kutukana, midomo ilionyesha hivyo. Lakini alikuwa amesikia mlio.

"Basi," alisema. "Nimekubali. Mjapani ni mjapani."

Miaka tisa Sosthenes aliyangoja maneno hayo. Alikuwa ameshayatungia jibu, refu, lenye mzaha ndani yake.

"Asante," alisema.

Aliondoka kwenye mchina wa Didas kwa sababu abiria walianza kuja. Mabasi ya Dar yalikuwa yanashusha. Wenzake wakawasha mmoja mmoja. Akasogea pembeni asiwazuie, karibu na mtaro, mikono haijui ikae wapi. Faustina wa mitumba alishuka na furushi lake, akamwona, akamjia moja kwa moja. Miaka yote alikuwa akibebwa na Sosthenes.

"Kamwene, baba. Twende basi. Mbona umesimama tu? Ile kaja kuirudisha yule mama? Imeharibika?"

"Haijaharibika," Sosthenes alisema. "Haiharibiki ile, mama."

"Ee, nilijua mimi," alisema Faustina, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa furushi Didas, akapanda.